Picha ya Wananchi Wakisoma

Pini alikuwa anapiga deki kwa maji ya kuomba. Mabomba ya ofisi za halmashauri yalikuwa makavu tangu wiki iliyopita, baada ya mamlaka ya maji kuwakatia kwa kutolipa bili, na ofisi ya mamlaka yenyewe ilikuwa kwenye korido hiyohiyo, mlango unaotazamana na chumba cha mhazini. Kila asubuhi watu wa milango hiyo miwili walisalimiana vizuri tu, wakaulizana habari za watoto. Ndoo ya leo Pini aliipata kwa mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, ambaye alimwambia kesho asije tena na maneno matamu, aje na hela.

Alianzia mwisho wa korido, akirudi kinyumenyume kama wafanyavyo wapiga deki wote wenye akili. Alipita chumba cha mipango, ambacho balbu yake ilihamishiwa chumba cha kompyuta. Alipita choo cha wageni, kilichotiwa kufuli kwa sababu hakuna aliyetaka kuulizwa maji yako wapi. Dirishani aliliona gari la taka limeegeshwa palepale lilipokuwa tangu mvua zilipokatika, majani yameota hadi kwenye rimu, na kuku wa askari wa geti ametagia chini ya usukani. Ndani ya jengo hili kila mtu alijua kwamba halmashauri iko hoi. Walitaniana kwa hilo, waliazimana karatasi, walikuja na sabuni zao mifukoni. Lakini hayo yalikuwa maneno ya koridoni. Nje kulikuwa na gari lenye kipaza sauti, na gari hilo halikukosa mafuta hata siku moja.

"Lipia kibanda chako sasa! Soko jipya, soko la kisasa! Mwisho ni leo saa nane mchana! Usije ukajuta!"

Watu walianza kujipanga kwenye dirisha la malipo kabla hata geti halijafunguliwa. Walikuwapo wauza vitunguu, wauza mitumba, mzee mmoja mtengeneza redio, na mama wa vyombo vya plastiki aliyekuja na kigoda chake cha kukalia. Soko la zamani litavunjwa, ndivyo walivyoambiwa, na asiye na risiti ya kibanda kipya atajua mwenyewe pa kwenda. Katikati ya foleni hiyo alikuwamo mdogo wake Pini.

Mdogo wake alikuwa mshonaji, na watu wengi walimwita Fundi tu, kama walivyosahau kwamba Pini naye aliwahi kuwa na jina. Dada hao wawili walipanga vyumba viwili pamoja na watoto wa Fundi. Habari za waume ni hadithi nyingine, fupi na isiyopendeza. Fundi alikuwa na cherehani moja ya miguu aliyoipata kwa kujinyima miaka, na juzi aliiuza ili alipie kibanda. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwenye duka la vyombo alikuwa tayari kumkopesha cherehani nyingine, tena ya umeme, mradi aone risiti ya kibanda, maana hakopeshi mtu ambaye hajulikani ataonekana wapi. Bila kibanda, Fundi hana mkopo. Bila mkopo, hana cherehani. Na bila cherehani, fundi ni mtu tu mwenye sindano.

Aliyemsukuma auze alikuwa Pini. Hilo ndilo lililomkosesha raha tangu gari la kipaza sauti lianze kupitapita. Fundi aliposita, Pini alimwambia, "Mimi niko ndani ya halmashauri, mdogo wangu. Kama kungekuwa na ujanja ujanja ningeshasikia." Kusema kweli alipenda kuyasema maneno hayo. Niko ndani. Hata mtu anayefagia korido hupenda kujisikia kidogo.

"Dada!" Fundi alikuwa amekuja hadi kwenye dirisha la korido na kushika nondo. "Leo wamekupa maji, au unapaka vumbi tu?"

"Nyamaza wewe. Foleni yako je?"

"Inakwenda kama konokono. Nimeacha mkoba na kandambili zinisimamie, mimi natembea." Alicheka, na mkono ukaenda kifuani, alikoficha hela, kama mtu anayejikuna. Asubuhi nzima alikuwa anajikuna hivyo. "Mkaa umepanda tena, umesikia? Na mwenye nyumba kanikuta mlangoni. Nimemwambia asubiri, mwezi ujao anaongea na mwenye kibanda."

"Ukampa jibu hilo?"

"Kwa mdomo huuhuu. Akaondoka akicheka."

Pini naye alicheka, lakini cheko halikufika mbali. Sauti ya mhazini ilimwita kutoka chumbani: "Pini! Njoo na pini zako."

Pini zenyewe zilikuwa kwenye kola ya sare yake, zimepangwa mstari, za vichwa vya rangi. Zilitoka kwenye kopo la Fundi la kushonea, na ndizo zilizompa jina. Sheria ilitaka taarifa ya mapato na matumizi ya halmashauri ibandikwe mahali ambapo wananchi wataisoma. Wakaguzi kutoka juu walitaka ushahidi kwamba imebandikwa, na ushahidi ni picha. Kwa hiyo kila robo ya mwaka Pini alibandika karatasi kwenye ubao wa nje, ofisa habari akapiga picha, Pini akabandua. Kazi ilihitaji mkono. Pini inaingizwa nusu tu, kwa mshazari, ili itoke bila kuacha tundu kubwa, na karatasi irudi kabatini ikiwa nzima. "Bandika, piga, bandua," walisema ofisini, kwa mahadhi, kama wimbo wa chekechea. Pini hakuwahi kuliona kosa katika jambo hilo. Aliagizwa, akafanya, akaenda zake.

Safari iliyopita, hata hivyo, wakaguzi walirudisha picha na malalamiko. Kwanza, maandishi hayaonekani, ni madogo mno. Pili, wananchi wanaosoma ni walewale wa mara zote: askari wa geti akiwa amevua kofia, dereva wa gari la taka lisilotembea, na karani wa masjala aliyevaa miwani ya jua.

Mhazini alikuwa kijana kuliko Pini, mpole, shati limenyooshwa vizuri na macho mekundu ya mtu asiyelala. Aliyekuwa mhazini kabla yake alihamishiwa mji mwingine kwa sherehe na keki. Huyu aliachiwa kabati, funguo na kazi ya kutia saini.

"Mama, leo tufanye jambo la maana," alisema. "Maandishi nimeyakuza. Lugha nyepesi, kama walivyotaka. Na watu wawe wapya. Wachukue pale kwenye foleni, wamesimama bure tu."

"Watu wa foleni, bosi?"

"Dakika moja. Wasimame, waangalie ubao, warudi kwenye nafasi zao. Watu wetu hawasomi, mama, unawajua. Hata sisi wenyewe hatusomi." Alimkabidhi karatasi kubwa iliyokunjwa mara moja. "Halafu ule mkataba wako nitauangalia leoleo. Unaisha Ijumaa, au siyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Ondoa wasiwasi."

Koridoni Pini aliikunjua karatasi ili aone upande wa juu ni upi. Hakukusudia kusoma. Lakini maandishi makubwa hayakuombi ruhusa, yanajisomesha yenyewe. Yalisema kwamba madeni ya halmashauri yamezidi mapato yake ya mwaka mzima. Yalisema kwamba fedha za vibanda vya soko jipya zilizokusanywa hadi sasa zimetumika kulipa mishahara, posho na mafuta ya magari. Ujenzi wa soko haujaanza. Fedha zilizobaki kwa ujenzi: hakuna.

Aliegemea ukuta. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mhazini ameandika ukweli mtupu namna ile, lakini Pini alikuwa amesikia mengi akiwa na ufagio mkononi. Wakaguzi wana taarifa za benki. Anayewaandikia uongo anafungwa, ila anayeandika ukweli ambao hautasomwa na mtu anakula chakula chake cha mchana kwa amani. Kilichomchoma yeye ni neno mishahara. Mshahara wake wa miezi iliyopita ulichelewa, kisha ukaja kwa mkupuo, naye akanunua unga na kulipa kodi huku akimshukuru Mungu. Kumbe alikuwa amekula kibanda cha mtu. Na leo Fundi alikuwa amesimama juani akisubiri zamu yake ya kuliwa.

Alirudi kwa mhazini, bila hata kubisha hodi.

"Bosi, hawa wanaolipa leo. Soko lao litajengwa?"

Mhazini aliinua macho polepole. "Litajengwa. Fedha zikipatikana."

"Zitapatikana wapi?"

"Mama." Alitazama mlango, kisha akashusha sauti. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wakilipa leo, tutalipana mishahara ya mwezi huu. Mimi, wewe, manesi wa zahanati, wote. Wasipolipa, tunafunga. Unataka niwaambie nini wale manesi?"

Pini aliikunja karatasi tena.

"Basi fanya kazi yako. Na ufunge mlango ukitoka."

Alikwenda moja kwa moja kwenye foleni. Fundi alikuwa amerudi kwenye kandambili zake, na mbele yake walibaki watu wachache kuliko Pini alivyotarajia. Askari wa geti alisimama hapohapo na rungu lake, akipanga watu, masikio wazi. Askari huyo alikuwa mtu mwema, lakini kila alichosikia kilifika kwa mhazini kabla ya chai kupoa.

"Usilipe bado," Pini alinong'ona. "Nisubiri."

"Nikusubiri nini?"

"Nitakwambia. Wapishe wengine wapite mbele yako."

"Dada, leo si ndiyo mwisho? Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nisubiri tu, nakuomba."

Fundi alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha. "Haya. Ila usinikawize. Jua lenyewe hili."

Ilitosha kusema maneno mawili: hela zimeliwa. Pini alikuwa nayo mdomoni. Lakini alimwona askari, akauona mkataba wake kwenye droo ya mhazini, akamwona mwenye nyumba mlangoni, akayameza. Alijiambia kwamba picha itapigwa sasa hivi, kisha atamvuta mdogo wake pembeni, nyuma ya gari la taka, amweleze kila kitu bila kuonekana. Aliogopa, hayo mengine yalikuwa maneno ya kujifariji.

Picha haikupigwa sasa hivi. Betri ya kamera ilikuwa haina chaji, na umeme wa ofisi ulikuwa ule wa kununua kidogo kidogo, na wa asubuhi ulikuwa umekwisha. Ofisa habari, mtu mnene mwenye fulana ya kampeni ya chanjo, alikwenda kuchajisha kwa kinyozi. Mhazini alimwamuru Pini asiondoke kwenye ubao, aufute vumbi, abandike, asubiri. Alifuta, akabandika. Aliufuta tena mahali palipokwisha kufutwa. Kutoka pale aliweza kusikia foleni nyuma ya kona, lakini hakuiona.

Halafu kipaza sauti kikabadilisha wimbo. "Tangazo, tangazo! Mtandao unasumbua! Dirisha litafungwa mapema! Wenye hela mkononi wasogee mbele, wasogee sasa!"

Pini alisikia miguu ikikimbia, kigoda kikiburutwa, watu wakisukumana na kutukanana. Alipiga hatua mbili kuelekea kona.

"Mama, wapi?" Mhazini alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Huyo amekuja na kamera. Kusanya watu."

Alikwenda kukusanya watu karibu mbio. Hakuwa amefika kwenye foleni Fundi alipomjia akiwa peku, kandambili mkono mmoja, karatasi ndogo mkono wa pili, jasho linamtiririka, anacheka.

"Nimelipa! Usinigombeze. Wamesema wanafunga, na wewe hukutokea, ningefanyaje? Nimepigana na mwanamume mzima, dada, nimemkanyaga!" Aliipeperusha risiti. "Kibanda kiko kwenye kona! Kona, unasikia? Watu wa pande mbili wataniona."

Pini aliitazama ile risiti. Ilikuwa na mhuri uliokolea vizuri. Wino wa mhuri haukuwahi kukosekana. Sasa hakukuwa na cha kuokoa. Angenyamaza, picha ingepigwa, mkataba ungesainiwa, na Fundi angejua baadaye, taratibu, pamoja na wengine wote, kama watu wanavyozoea mambo haya. Angesema kesho. Angesema Ijumaa.

Lakini dirisha lilikuwa bado wazi. Foleni ilikuwa bado ndefu, imepinda hadi nje ya geti, na kila mtu ndani yake alikuwa amebana kitu kifuani, au kwapani, au kwenye soksi. Mama wa plastiki alikuwa amesimama juu ya kigoda chake ili aone mbele.

"Nahitaji watu wa kupigwa picha," Pini alisema kwa sauti. "Ni ya serikali. Wekeni mizigo iwasimamie, mtarudi palepale."

Wachache walijitokeza, kwa kuchoka kusimama tu: mama wa plastiki, mzee wa redio, muuza vitunguu na mkewe, dada mmoja wa mitumba. Na Fundi, ambaye hakuna aliyemwita.

"Na mimi nipigwe! Leo ndiyo siku yangu."

"Wewe nenda nyumbani," Pini alimwambia.

"Niende nyumbani na nywele nimesuka?"

Walisimama mbele ya ubao. Ofisa habari aliwapanga, mfupi mbele, mrefu nyuma, akamwambia mzee wa redio ainue kidole kama anayefuata mstari. "Msiniangalie mimi. Angalieni karatasi. Kaeni kisomi." Wakaiangalia karatasi kama mtu anavyomwangalia nesi anayempiga sindano, yaani bila kuangalia. Mama wa plastiki alikuwa na jicho moja kwenye kigoda chake. Kamera ikalia mara kadhaa.

"Safi," alisema ofisa habari. "Tumemaliza."

"Bandua, mama," alisema mhazini kutoka kwenye ngazi.

Mkono wa Pini uliifikia pini ya kwanza, ukakaa hapo. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa siku zote, uso wa mtu anayeulizia ndoo.

"Bosi, nina wasiwasi na midomo."

"Midomo gani?"

"Ya hawa. Imefungwa yote. Wakaguzi watasema hawasomi, wamesimamishwa tu. Picha itarudi tena."

Mhazini alitaka kusema neno, lakini ofisa habari alikuwa ameshaitazama kamera yake na kukunja uso. "Ana hoja. Wanaonekana kama wanasubiri daktari."

"Basi wafungue midomo!"

"Wakiifungua bure watacheka, bosi," alisema Pini. "Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuatishe. Mistari michache tu, midomo ichezecheze."

Mhazini alitazama saa, akatazama foleni, akapangusa macho yake mekundu. Kuna uchovu unaomfanya mtu akubali jambo lolote ili limalizike. Akapunga mkono. "Haraka."

"Asome huyu baba," Pini alisema upesi, akimshika mzee wa redio mkono.

"Miwani nimeiacha kibandani, mwanangu."

"Basi wewe, kaka."

Muuza vitunguu alitazama viatu vyake.

"Jamani, mbona kuhangaika?" Fundi alikuwa ameshajipenyeza mbele, risiti mkononi. "Nani hapa ana sauti kunishinda mimi? Darasa, mko tayari?"

"Fundi, ngoja," alisema Pini.

Fundi hakungoja. Alikohoa kama mwalimu mkuu, watu wakacheka, hata foleni ikageuza shingo ione kuna nini. "Taarifa ya mapato na matumizi!" akasoma, na darasa likaitikia. "Madeni ya halmashauri!" Darasa likaitikia. "Yamezidi mapato yake ya mwaka mzima!" Mke wa muuza vitunguu aliitikia peke yake, wengine wakabaki nyuma kidogo. "Fedha za vibanda vya soko jipya," Fundi alisoma, bado kwa sauti ya darasani, "zilizokusanywa hadi sasa, zimetumika kulipa mishahara, posho na..."

Sauti ilikwisha kama redio iliyochomolewa. Kamera peke yake ndiyo iliyoendelea kulia.

"Inatosha!" mhazini aliita. "Asanteni sana!"

Fundi alisogea karibu na karatasi, pua ikakaribia kuigusa. Alisoma tena, kimya, midomo ikicheza. Kisha akaisoma mara ya tatu kwa sauti, na sasa haikuwa ya darasani. "Ujenzi wa soko haujaanza. Fedha zilizobaki kwa ujenzi, hakuna."

"Wamesema hakuna nini?" aliuliza mama wa plastiki.

"Hela. Wamesema hela hakuna."

"Zile tunazolipa?"

"Hizohizo."

Mama wa plastiki alishika kichwa kwa mikono miwili. Fundi aligeuka kwenye foleni, na ile sauti aliyojisifia kwamba haina mshindani ikathibitika. Hakutukana. Alirudia tu yale maandishi, neno kwa neno, kwa watu waliokuwa hadi nje ya geti. Foleni ilisita, kisha ikakatika vipande. Waliokuwa bado na hela walirudi nyuma wakizishika vizuri zaidi. Waliokuwa na risiti walilikimbilia dirisha, na mkono kutoka ndani ukavuta pazia. Askari wa geti hakujua ampange nani.

Mhazini alishuka ngazi hadi ubaoni. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ya chini, karibu ya kusihi.

"Mama, unajua ulichofanya?"

"Nimebandika mahali wananchi wataisoma, bosi."

"Bandua."

Pini aling'oa pini moja moja, akazirudisha kwenye kola yake. Karatasi hakuishika. Iliteleza ikaanguka, na mzee wa redio, ambaye hakuwa na miwani, aliiokota, akaikunja vizuri, akaitia kwapani, akaondoka nayo.

"Mkataba wako unaisha Ijumaa," alisema mhazini.

"Najua."

Ofisa habari alikuwa hajasikia lolote. Alikuwa ameikodolea macho kamera yake, uso umeng'aa. "Bosi, njoo uone. Njoo uone hii!" Pini alikuwa karibu, naye akaiona. Wote walikuwamo. Kidole cha mzee wa redio kilikuwa juu, muuza vitunguu amemshika mkewe bega, mama wa plastiki ameshika kichwa, na Fundi mbele kabisa, amegeuka nusu, macho makubwa. Nyuma yao maandishi yalisomeka kila neno. "Hatujawahi kupata hii," alisema ofisa habari. "Hapa hakuna mkaguzi atakayesema watu hawasomi."

Mhazini aliitazama. Nje ya geti watu walikuwa wameanza kupiga kelele.

"Itume," alisema.

Pini alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Fundi alikuwa ameketi chini, chini ya dirisha, pale ilipokuwa cherehani. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya cherehani. Alikuwa anapinda sketi ya shule ya mtoto wa jirani kwa mkono. Kazi ya robo saa kwa cherehani ilikuwa imeshamlia muda tangu alasiri. Risiti ilikuwa juu ya meza, imelaliwa na kikombe. Alikuwa ameshapita kwa mtu aliyeinunua cherehani yake, ambaye kwa furaha alikubali kumrudishia, kwa bei mpya.

Pini alikaa kitandani. Alitamani mdogo wake amtukane, yaishe.

"Ulijua?" Fundi aliuliza bila kuinua uso.

"Tangu asubuhi."

"Ukaniambia nisubiri. Hukuniambia kwa nini."

"Askari alikuwa pale. Niliogopa mkataba."

"Na mkataba?"

"Haupo."

Fundi alishona kidogo. Sindano iliingia na kutoka. Pini aliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue mikono aiweke wapi, na akasema hivyo, kwamba anaona aibu, kwamba hakuwa ndani ya kitu chochote, alikuwa koridoni. Watoto walikuwa nje wakigombania mpira wa makaratasi.

"Ile picha," alisema Fundi hatimaye. "Wataituma?"

"Wameshaituma."

"Kwa wakubwa?"

"Kwa wakubwa."

"Nimetokaje?"

"Mdomo wazi."

Fundi aliinama, akakata uzi kwa meno. Mabega yalimtikisika kidogo, na haikujulikana kama analia au anacheka, pengine hata yeye hakujua.

"Basi hawatasema sikusoma," alisema. Akajipangusa uso kwa sketi ya mtoto wa watu, akanyoosha mkono bila kumtazama dada yake. "Nipe pini moja hapo. Pindo linanikimbia."